Njia nne za kuwatafuta mababu wa Kanada ya Kifaransa, na jinsi ya kuchagua kati yake

Anayetafuta mababu waliotoka Ufaransa wakalowea bonde la mto Saint-Laurent katika karne ya 17 na ya 18 hasumbuliwi na uhaba wa kumbukumbu. Mji wa Québec uliasisiwa mwaka 1608, rejista za Kanisa zinaanzia 1621, na tangu hapo mapadre wa koloni lililoitwa Ufaransa Mpya waliandika ubatizo, ndoa na maziko kwa bidii ambayo makoloni machache ya wakati ule yaliifikia. Hata kanisa la Québec lilipoteketea mwaka 1640 pamoja na rejista zake, mapadre waliziandika upya kwa kukumbuka na kwa kuwauliza waumini. Linalomsumbua mtafutaji ni kwamba kumbukumbu hizo humfikia leo kwa sura nne tofauti, yaani kamusi za nasaba, hifadhidata ya chuo kikuu, picha za rejista zenyewe na hati za manotari (waandishi rasmi wa mikataba, mauzo na urithi), na kwamba majina ya watu waliomo humo hayakutulia hata kidogo.

Makala haya yanawalenga wasomaji wa Kiswahili wenye sababu ya kuuliza: waliohamia Montréal, Gatineau au Ottawa wakaoa au kuolewa katika familia za huko, vijana wenye bibi mmoja Bukavu au Bujumbura na mwingine Trois-Rivières, na wale wanaofanya utafiti wa nasaba kwa ajili ya mtu mwingine. Wengi wao huanza kwa kulipia huduma ya kwanza waliyoiona kwenye tangazo, kisha hushangaa ukoo unapokatika ghafla kwenye kizazi cha nne au cha tano. Mara nyingi haujakatika. Jina ndilo lililobadilika.

Vigezo vya kupimia

Kila njia kati ya hizi nne inapimwa hapa kwa mambo matano. La kwanza ni kipindi inachokifunika. La pili ni jinsi inavyoshughulikia majina yanayobadilika. La tatu ni ushahidi, yaani umbali uliopo kati ya unachokisoma na karatasi aliyoiandika padre au notari kwa mkono wake. La nne ni gharama pamoja na kiasi cha Kifaransa unachohitaji, na la tano ni aina ya mtafutaji anayefaidika zaidi. Mimi naupa uzito mkubwa zaidi mtihani wa majina. Bei unaweza kuivumilia na mwandiko mbaya unaweza kuuzoea, lakini chombo kisichokuambia kwamba Loranger na Rivard wanaweza kuwa watu wa ukoo mmoja kitakuacha ukizunguka palepale. Kwa hiyo ni lazima tuanze na desturi zenyewe za majina.

Majina ya ukoo na ya ubatizo

Desturi iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya jina la pili la ukoo, linalofungwa na la kwanza kwa neno dit, maana yake "aitwaye". Asili zake ni nyingi. Askari wa Ufaransa alikuwa na jina la kikosini, kama vile Lafleur, Jolicoeur, Sansregret, Vadeboncoeur au Tranchemontagne. Kikosi cha Carignan-Salières kilipofika Québec mwaka 1665 kilikuwa na askari wapatao 1,200, na takriban 400 kati yao walibaki kuwa walowezi baada ya kampeni dhidi ya watu wa Iroquois. Majina yao ya kikosini yalibaki nao, na watoto wakayarithi. Majina mengine yalitokana na mahali alikotoka mtu, kama Langevin kwa mtu wa Anjou au Picard kwa mtu wa Picardie. Mengine yalitokana na umbo la mwili, na mengine na shamba ambalo ndugu mmoja alilipata na mwenziwe hakulipata.

Mfano wa ukoo wa Rivard unatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Ndugu wawili, Nicolas na Robert Rivard, walitoka Tourouvre katika jimbo la Perche wakalowea Batiscan. Nicolas aliitwa Lavigne, Robert akaitwa Loranger, na katika vizazi vilivyofuata uzao wao ukagawanyika kwenye majina kadhaa, yakiwamo Lavigne, Loranger, Lanouette na Dufresne, huku wengine wakibaki Rivard. Vivyo hivyo wengi wanaoitwa Deschênes ni wa uzao wa Miville dit Deschênes, na kuna Beaulieu ambao asili yao ni Hudon dit Beaulieu. Hali hii iliendelea hadi karne ya 19, ambapo familia moja baada ya nyingine ilichagua jina moja na kuliacha jingine, mara nyingi bila hati yoyote ya kueleza ni lini wala kwa nini. Kinyume chake pia ni kweli: kulingana kwa jina hakuthibitishi undugu. Lafleur lilikuwa jina la kawaida mno jeshini, na watu wasio na uhusiano wowote walilibeba.

Tahajia nayo haikuwa na sheria. Padre aliandika alichokisikia, na waumini wengi hawakujua kusoma wapate kumsahihisha. Jean Guyon, fundi mwashi kutoka Mortagne aliyefika mwaka 1634, ni babu wa watu wanaoitwa Dion leo, akiwemo mwimbaji Céline Dion.

Kwa majina ya ubatizo, msomaji ajihadhari na Joseph na Marie. Katika karne ya 19 karibu kila mvulana alitanguliziwa Joseph na kila msichana Marie, jina la pili mara nyingi likawa la baba au mama wa ubatizo, na la mwisho ndilo lililotumika nyumbani. Mtoto aliyeandikwa Joseph Pierre Alfred alijulikana kama Alfred, na kumtafuta kwa jina la Joseph ni kazi bure. Wazazi wa ubatizo wa watoto wa kwanza walikuwa mara nyingi babu, bibi, wajomba au mashangazi, kwa hiyo majina yao ni dokezo la ukoo na yafaa kunakiliwa kila mara. Mtoto alipofariki, aliyezaliwa baada yake aliweza kupewa jina lilelile. Ukikuta Pierre wawili wa wazazi wale wale, tafuta maziko ya wa kwanza kabla ya kumlaumu padre. Na mtoto aliyezaliwa akiwa mahututi alibatizwa papo hapo na mkunga, hivyo rejista ikamwandika bila jina lolote.

Kuna desturi moja inayomrahisishia mtafutaji kazi kuliko zote. Mwanamke aliandikwa kwa jina la ukoo alikozaliwa maisha yake yote, tangu ubatizo hadi maziko, hata akiolewa mara tatu. Tangu mwaka 1981 sheria ya Québec inamtaka mwanamke aliyeolewa abaki na jina lake la kuzaliwa, lakini karne tatu kabla ya sheria hiyo makarani wa Kanisa walikuwa tayari wanafanya hivyo. Ukoo wa kike, ambao nchini Uingereza au Marekani hupotea kwenye kila ndoa, huku unafuatika kwa urahisi uleule wa ukoo wa kiume.

Isemwe pia kwamba si kila jina katika rejista hizi lilichaguliwa na mwenye jina au wazazi wake. Mtoto mmoja anayesemwa kuwa mzaliwa wa Madagaska aliletwa Québec mwishoni mwa miaka ya 1620 akauzwa; alipobatizwa mwaka 1633 aliitwa Olivier Le Jeune, Olivier likiwa jina la karani wa koloni, Olivier Letardif, na Le Jeune likiwa la padre Mjesuiti Paul Le Jeune aliyemfundisha. Alizikwa Québec mwaka 1654 kwa jina hilo. Wanahistoria wamewatambua watumwa zaidi ya 4,000 katika koloni hili, wengi wao wakiwa watu wa mataifa ya asili ya Amerika na wengine Waafrika, na mara nyingi rejista huwataja kwa jina la ubatizo tu pamoja na jina la bwana wao. Kwa uzao wao, vyombo vinavyofuata husaidia kwa viwango tofauti sana.

Njia ya kwanza: kamusi za nasaba

Kipindi. Padre Cyprien Tanguay alichapisha kamusi yake ya familia za Kanada katika majuzuu 7 kati ya 1871 na 1890. Juzuu la kwanza linaanzia 1608 hadi 1700, na yanayofuata yanaendelea ndani ya karne ya 18. René Jetté alichapisha yake mwaka 1983, nayo inaishia 1730.

Majina. Familia zimepangwa kwa jina la ukoo la baba, na chini yake mke, tarehe ya ndoa na watoto. Juzuu la 7 la Tanguay lina orodha ya majina pamoja na yale ya dit yaliyoambatana nayo, na orodha hiyo peke yake inatosha kukufanya uifungue kamusi hata kama hutatumia chochote kingine ndani yake. Mwenye jina kama Beaulieu ataona mara moja ni koo ngapi tofauti zililibeba.

Ushahidi. Kamusi ni hitimisho la mtu mwingine. Tanguay alifanya kazi peke yake, kabla ya zama za mashine, na makosa yake ni mengi kiasi kwamba marekebisho yaliyokusanywa na J.-Arthur Leboeuf yalichapishwa miongo kadhaa baadaye. Jetté alikuwa na faida ya kutumia kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, na anaaminika zaidi. Hata hivyo, hakuna kati yao anayekuonyesha maneno ya padre.

Gharama na lugha. Tanguay anasomwa bure mtandaoni kupitia maktaba ya taifa ya Québec, ijulikanayo kama BAnQ. Jetté hutafutwa maktabani au hununuliwa. Kifaransa kinachohitajika ni kidogo: herufi b ni ubatizo, m ni ndoa, s ni maziko.

Inamfaa nani. Asiye na fedha ya kulipia huduma na ambaye ukoo wake tayari umefika karne ya 18. Inamfaa pia anayetaka picha ya jumla ya familia kabla ya kuzama kwenye rejista. Haimfai anayetaka uthibitisho wa kupeleka kwa chama cha nasaba au kwa ndugu wabishi.

Njia ya pili: hifadhidata ya PRDH

Kipindi. Mradi wa utafiti wa historia ya watu wa Chuo Kikuu cha Montréal, unaofahamika kwa kifupi kama PRDH, ulianza mwaka 1966. Watafiti walikusanya vyeti vyote vya ubatizo, ndoa na maziko vya Wakatoliki wa Québec tangu 1621, kwanza hadi mwisho wa karne ya 18 na baadaye hadi 1849.

Majina. Hapa ndipo nguvu yake ilipo. Tahajia zote za jina moja zimekusanywa chini ya umbo moja sanifu, na majina ya dit yameunganishwa na ya ukoo, kwa hiyo ukimtafuta Guyon hutampoteza yule aliyeandikwa Dion. Zaidi ya hapo, kila mtu ana faili lake linalounganisha vyeti vyote anavyotajwa ndani yake: ubatizo wake, ndoa zake, ubatizo wa watoto wake na maziko yake. Familia nzima imejengwa upya, mtu kwa mtu. Ni kwa kazi hii tulijua kwamba Zacharie Cloutier, seremala kutoka Mortagne ambaye saini yake ilikuwa mchoro wa shoka, alikuwa na zaidi ya watu 10,000 wa uzao wake waliofunga ndoa kabla ya 1800.

Ushahidi. Unachokisoma ni dondoo la cheti: majina, tarehe, parokia, uhusiano. Uunganishaji wa vyeti ni hukumu ya wataalamu, na ni hukumu nzuri, lakini inabaki kuwa hukumu. Pale ambapo wanaume wawili wa jina moja waliishi parokia moja wakati mmoja, ni vyema kuona picha ya cheti kabla ya kukubali.

Gharama na lugha. Ni ya kulipia, nawe hununua idadi ya kurasa utakazofungua. Mpango huo humwadhibu anayebofya ovyo na kumzawadia aliyejiandaa kwa kalamu na karatasi. Tovuti ina Kifaransa na Kiingereza, na dondoo ni fupi, hivyo lugha si kikwazo kikubwa.

Inamfaa nani. Mwenye ndoa moja ya uhakika kabla ya 1850 anayetaka kwenda nyuma haraka hadi kwa mlowezi wa kwanza. Akiwa na ndoa hiyo, anaweza kufika karne ya 17 kwa jioni moja. Asiyekuwa nayo atafungua kurasa nyingi za watu wasio wake, akilipia kila mmoja.

Njia ya tatu: picha za rejista

Kipindi. Hii ndiyo njia yenye mawanda mapana zaidi, kwani rejista zinaanzia 1621 na kuingia karne ya 20. Picha zipo katika makusanyo mawili makubwa. La kwanza ni la taasisi ya Drouin, kampuni ya nasaba ya Montréal iliyozipiga rejista picha za filamu ndogo katika miaka ya 1940. Leo linapatikana kwenye tovuti ya Généalogie Québec na pia kwa Ancestry. La pili ni la FamilySearch, tovuti ya Kanisa la Wamormoni.

Tofauti kati ya makusanyo hayo mawili haielezwi vya kutosha. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1667 iliwataka mapadre waandike kila rejista nakala mbili, moja ibaki parokiani na nyingine iende mahakamani. Kwa sehemu kubwa Drouin walipiga picha nakala ya mahakama, na FamilySearch nakala ya parokia. Nakala moja ikiwa na doa la wino, ukurasa uliochanika au jina lililorukwa na mnakili aliyechoka, mwenzake huenda ukawa mzima. Aliyekwama kwenye cheti kimoja na kukata tamaa mara nyingi hajafungua nakala ya pili.

Majina. Rejista haikusanifishii kitu. Utaliona jina kama lilivyosikika siku ile, likiwa na dit au bila. Faharasa husaidia, na ile ya Drouin iitwayo LAFRANCE huunganisha dondoo na picha, lakini faharasa nyingi nyingine zimeandikwa na watu au mashine zisizojua majina ya Kikanada, na Archambault anaweza kufichwa chini ya herufi usiyoitarajia. Faida yake ni kwamba unaona kila kitu ambacho dondoo huacha: nani alisimamia ubatizo, mashahidi wa ndoa walihusianaje na maarusi, nani aliweza kutia saini, na kama Kanisa lilitoa ruhusa kwa maarusi waliokuwa na damu moja. Ruhusa ya daraja la tatu au la nne ni hazina, kwa sababu inakuambia kwamba wawili hao walikuwa na babu mmoja wa karibu na unapaswa kumtafuta.

Cheti cha ndoa ndicho kiungo cha ukoo wote, maana kinawataja wazazi wa pande zote mbili, walio hai na waliokufa, na parokia zao. Kuna mtego mmoja: mjane au mgane alipooa tena, padre mara nyingi alimtaja mwenzi aliyefariki badala ya wazazi. Ukifika kwenye ndoa ya namna hiyo usitafute wazazi humo. Rudi kwenye ndoa ya kwanza. Mtego wa pili ni mdogo lakini umewapotosha wengi. Makarani walifupisha miezi, na 7bre ni Septemba, si Julai; 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, Xbre ni Desemba. Umri unaotajwa kwenye maziko nao ni wa kukadiria.

Ushahidi. Hakuna kilicho karibu zaidi na tukio lenyewe.

Gharama na lugha. FamilySearch ni bure ukijisajili. Généalogie Québec hulipiwa kwa siku, mwezi au mwaka, na Ancestry ina usajili wake. Mwandiko wa karne ya 17 ni mgumu kweli, lakini maneno ya mapadre yalikuwa yaleyale kwa kila cheti, na anayeanza na vyeti vya karne ya 19 akirudi nyuma polepole huzoea bila kusoma Kifaransa darasani.

Inamfaa nani. Mwenye subira kuliko fedha, mwenye mababu wa baada ya 1849, na kila anayetaka kuthibitisha alichokipata kwingine.

Njia ya nne: hati za manotari

Kipindi. Manotari walifanya kazi tangu siku za mwanzo za koloni; Bénigne Basset, kwa mfano, aliandika hati Montréal kuanzia 1657 hadi mwisho wa karne hiyo. Waingereza walipolitwaa koloni kwa mkataba wa 1763 kazi hiyo haikukoma, na sheria ya Québec ya 1774 iliirudisha rasmi sheria ya kiraia ya Kifaransa, kwa hiyo mfululizo wa hati hauna pengo kubwa.

Majina. Notari alikuwa makini kwa sababu mali ilikuwa mezani. Mtu ambaye padre alimwita kwa jina moja tu, notari angeweza kumwandika kwa majina yake yote mawili, pamoja na kazi yake na kijiji chake. Ndiyo maana mtu aliyepoteza ukoo kwenye mabadiliko ya jina mara nyingi hukuta jibu hapa: mauzo ya shamba ambamo muuzaji anatajwa kwa jina la zamani na jipya pamoja, akiuza urithi wa baba aliyejulikana kwa la zamani tu.

Ushahidi. Ni wa asili kama rejista, na wenye maelezo mengi kuliko rejista. Kwa desturi ya sheria ya Paris iliyotumika kule, wanandoa walikuwa na mali ya pamoja, na mmoja alipofariki akiacha watoto wadogo, notari aliorodhesha kila kitu nyumbani, kuanzia ng'ombe hadi sufuria iliyotoboka, na watoto wakatajwa kwa majina na umri. Mkataba wa ndoa ulitiwa saini kabla ya ibada, tena mbele ya ndugu na majirani. Angalizo: mkataba si ndoa. Baadhi ya wale wanawake wapatao 770 walioletwa kwa gharama za mfalme kati ya 1663 na 1673 kuja kuolewa na walowezi walitia saini mkataba, wakaufuta, wakafunga mwingine na mwanamume tofauti.

Gharama na lugha. BAnQ imeweka mtandaoni sehemu kubwa ya hati hizi bure. Ugumu ni kuzipata, kwani zimepangwa kwa notari na tarehe, wala si kwa jina la familia. Muhtasari uitwao Parchemin, unaofunika hati tangu 1626 hadi mwishoni mwa karne ya 18, hupatikana kupitia maktaba na vyama vya nasaba vyenye kibali. Kifaransa kinahitajika kwa kweli, tena cha kisheria, na mwandiko wa manotari ni mbaya kuliko wa mapadre.

Inamfaa nani. Aliyekwisha kujenga ukoo akakwama mahali pamoja, na anayetaka kujua mababu waliishi vipi. Kwa uzao wa watumwa ni njia ya lazima, maana mauzo na urithi wa watu hao viliandikwa kwa manotari. Kwa anayeanza leo ni mapema mno.

Kuhusu vipimo vya vinasaba

Wengi huuliza kwa nini wasipime tu DNA. Kipimo kinaweza kusaidia kwa ndugu wa karibu, lakini watu wa Québec wametokana na kundi dogo la walowezi walioana wao kwa wao kwa karne nyingi. Tremblay wote wa mkoa huo, kwa mfano, ni uzao wa Pierre Tremblay na Ozanne Achon waliofunga ndoa Québec mwaka 1657. Matokeo yatakupa maelfu ya "binamu" wanaoonekana wa karibu kuliko walivyo, kwa kuwa mnashiriki mababu wengi wa mbali kwa njia nyingi. Sijakiweka kwenye mizani kwa sababu hakijibu swali la majina.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa unajua babu na bibi tu, na wote walizaliwa katika karne ya 20, anza na picha za rejista. Tafuta ndoa baada ya ndoa ukirudi nyuma hadi uvuke 1850, ukiandika kila jina la dit na kila mzazi wa ubatizo. Hapo ndipo kulipia PRDH kunapokuwa na maana, nawe utatumia kurasa chache kufika mwanzo.

Ukiwa huna fedha kabisa, FamilySearch na Tanguay vinatosha kwa sehemu kubwa ya safari, mradi kila unachokichukua kwa Tanguay ukakihakiki kwenye picha ya cheti. Kazi itakuwa ndefu zaidi, lakini matokeo hayatakuwa duni.

Ukiwa na mababu waliovuka kwenda Marekani, kama watu wapatao 900,000 walivyofanya kati ya 1840 na 1930 wakifuata viwanda vya nguo vya Lowell, Fall River, Manchester na Woonsocket, njia zote nne zisubiri. Huko Roy alikuwa King, Boisvert akawa Greenwood, Leblanc akawa White, na mwanamke akachukua jina la mume. Tafuta kwanza ndoa yao au ya ndugu zao katika parokia ya Kifaransa ya mji huo, kwa kuwa padre wake mara nyingi alitoka Québec na aliandika kwa desturi ya kwao, wazazi wote wanne wakitajwa kwa majina ya asili. Kutoka hapo rudi kwenye rejista.

Ukiwa umekwama kwenye karne ya 18, huku jina la baba halilingani na la mwana, fungua orodha ya Tanguay uone majina yanayoambatana, jaribu jina mbadala kwenye PRDH, na likikataa nenda kwa notari aliyefanya kazi karibu na parokia hiyo ukatafute mauzo ya ardhi na migawanyo ya urithi.

Ukiwa umeshampata mlowezi wa kwanza na unataka kijiji chake Ufaransa, vyombo hivi vimefika kikomo. Cheti chake cha ndoa kule Québec kwa kawaida hutaja parokia na dayosisi ya wazazi wake. Kichukue hicho uende kwenye Fichier Origine, orodha ya bure ya wahamiaji ambao vyeti vyao vimepatikana Ufaransa, kisha kwenye hifadhi za wilaya za Ufaransa ambazo nyingi huonyesha rejista zao bure. Kwa waliotoka Perche, Normandie au Aunis mara nyingi hupatikana kitu. Kwa aliyebatizwa Paris matumaini ni madogo, kwa kuwa rejista za mji huo ziliteketea kwa moto mwaka 1871, na hapo mkataba wa ndoa uliobaki Québec huenda ndio karatasi pekee inayomtaja baba yake.

Ukiwa na jina la Kiakadia, mathalani Landry, Cormier au Thibodeau, usiende moja kwa moja kwenye njia hizi. Waakadia waliishi kwenye pwani ya mashariki, walifukuzwa kuanzia 1755, na rejista zao nyingi zilipotea wakati huo. Walioishia Québec wanaonekana kwenye PRDH na kwenye rejista tangu siku walipofika. Kwa vizazi vya kabla ya hapo unahitaji kazi za wataalamu wa Akadia, hasa zile za kituo cha masomo ya Akadia katika Chuo Kikuu cha Moncton.